Kuku wa Mkwe

Kila Jumatano na Jumamosi asubuhi watu wa Iguguno walimwona Festo akirudi mbio kutoka upande wa Songambele, jasho linamtiririka, na mkononi ameshika kuku kwa miguu. Walicheka mpaka wakazoea. Walisema huyu ni mwanariadha wa kwanza duniani kupewa zawadi kabla ya mashindano. Vijana wa bodaboda walimwita Kocha wa Kuku, naye aliwaacha waseme, maana alijua kuku yule ametoka wapi na kwa nini hawezi kumkataa.

Alitoka kwa mama mkwe wake, Rebeka, ambaye wengi walimwita Mama Klara. Klara ndiye aliyekuwa mke wa Festo. Alifariki kwa uzazi miaka miwili nyuma, yeye na kichanga chake, na Festo akabaki na nyumba ya vyumba vitatu, mashine ya kukamua alizeti na mama mkwe. Watu walitegemea ataoa upesi, na yule mama ataishia kuwa mtu wa kupeana naye pole misibani tu. Hakuoa. Kila wiki alikwenda kumjulia hali, kilometa saba kwenda na saba kurudi.

Tuliseme mapema ili lisije kumshtua mtu baadaye: wakati Festo akichekwa barabarani na kuku wake, mwanamke aliyempa kuku huyo alikuwa analala njaa. Festo hakujua. Hakuwa mtu mbaya wala hakuwa kipofu, na ndiyo maana habari hii inauma kuisimulia.

Kwa akina Klara, heshima ya mkwe ni kubwa mpaka inachosha. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Hamshiki mkono. Hali chakula kwake, na mama mkwe naye hatii kitu mdomoni mkwe akiwa anamwona. Mgeni mwingine yeyote akipita, hata muuza ndoo, atanawishwa mikono na kuwekewa ugali. Mkwe peke yake ndiye asiyenawishwa. Kwa kuwa hali pale, hupewa cha kuondoka nacho akapike kwake, na kwa Singida nzima cha kuondoka nacho ni kuku.

Baada ya arobaini ya Klara, Festo alijaribu kukataa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje, na Rebeka amesimama pembeni, uso ameugeuzia shambani kama ilivyo desturi.

"Mama, hawa kuku wabaki tu. Watakusaidia."

"Baba, mkwe wangu hatoki hapa mikono mitupu," Rebeka alisema. "Siku ukitoka mikono mitupu, basi Klara amekufa kweli."

Festo hakurudia tena. Alimpokea kuku na akalia njia nzima hadi Iguguno. Kuanzia siku hiyo alielewa kwamba kuku yule ndiye aliyemfanya bado awe mkwe wa mtu. Bila yeye, angekuwa tu mwanamume wa Iguguno mwenye mashine, na nyumba isiyo na sauti. Kitu pekee alichokiogopa maishani kilikuwa kufika Songambele siku moja akaambiwa hana mama pale.

Naye hakwenda mikono mitupu. Alipeleka sabuni, chumvi, sukari, na kiroba cha mashudu kwa ajili ya kuku, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa. Unga hakupeleka hata siku moja. Kumpelekea mama mkwe unga ni kumwambia kwamba jiko lake limezimika, na mkwe mwenye adabu hathubutu.

Kisha ukaja ukame. Mwaka wa kwanza mvua ilikata katikati ya Februari. Mwaka wa pili ilinyesha mara nne, ikanuna. Mtama ulikauka kabla ya kutoa masuke, na vichwa vya alizeti vilitoka vidogo kama vifuniko vya soda. Mashine ya Festo ikawa inanguruma siku moja kwa wiki, halafu siku moja kwa mwezi. Shuleni watoto wakaanza kusinzia saa nne asubuhi, na mwalimu Rukaiya, mama wa watoto watatu asiyejua kukaa kimya, akasimama kwenye mkutano wa kata akasema inatosha. Makanisa na msikiti wakakaa pamoja, na ndipo zikazaliwa Mbio za Bakuli: kilometa kumi na tano, kutoka Iguguno kupitia Songambele na kurudi. Kila mkimbiaji angeingia kwa debe la nafaka, wafanyabiashara wa Singida mjini wangeongeza magunia, na chakula chote kingekwenda kwenye uji wa shule na kwa kaya zisizo na kitu.

Festo alitoa ghala lake litunze nafaka, wakamwingiza kwenye kamati. Alijiandikisha pia kukimbia, ingawa mara ya mwisho kukimbia alikuwa darasa la saba. Ndiyo maana akaanza mazoezi, na kwa kuwa njia ya mbio ilipita mbele ya boma la mama mkwe wake, mazoezi na salamu vikawa safari moja. Badala ya mara moja kwa wiki akawa anakwenda mara mbili. Alijiona mkwe mwema kuliko wote katika wilaya ya Mkalama.

Mara mbili kwa wiki, kuku wawili. Hesabu hiyo hakuipiga.

Alianza kupewa majogoo. Yakaisha majogoo, ikaja mitetea. Jumamosi moja alipewa mtetea ambaye tumbo lake lilikuwa halina manyoya, lina joto, na Festo, mtoto wa mkulima, alijua kabisa kwamba kuku huyu ametolewa kwenye mayai. Alimtazama, akataka kuuliza. Rebeka alikuwa ameshageuka. Festo akasema asante mama, akakimbia.

Kuku wakakoma, likaja bakuli la karanga. Baada ya karanga yakaja maharage ya mbegu, yamechanganywa na majivu kama yanavyohifadhiwa, na Festo akajiambia kwamba mama ameamua kubadilisha zawadi. Rebeka alikuwa amepungua, hilo aliliona. Lakini alikuwa akivaa khanga mbili na sweta, na kumtazama mama mkwe mwili ili kujua kama amekonda ni jambo ambalo mkwe halifanyi.

Wiki moja kabla ya mbio, kamati ilikaa kupitia majina. Rukaiya alisoma kitongoji kwa kitongoji. Alipofika Songambele akasita.

"Hapa kuna Rebeka, mjane, anaishi peke yake. Tulipopita kwake hakutuambia kama ana chakula au hana. Alisema tumuulize mkwe wake, ndiye anayemjua."

Watu wakamgeukia Festo. Naye akacheka, kwa raha ya mtu aliyesifiwa mbele za watu.

"Huyo ni mama yangu jamani. Anacho. Mimi mwenyewe natoka kwake kila wiki na kuku au karanga, mnaniona wote. Mpeni mwingine nafasi hiyo."

Wakacheka naye. Rukaiya akapiga mstari juu ya jina, akaenda kwenye jina linalofuata.

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi. Iguguno ilijaa watu kuliko siku ya gulio. Kulikuwa na spika kubwa, fulana za njano zilizoandikwa Mbio za Bakuli, na pikapu ya huduma ya kwanza pamoja na muuguzi Severina kutoka kituo cha afya. Kila mkimbiaji alipewa kipaketi cha glukosi. Festo alikitia mfukoni akisema mimi si mgonjwa. Saa moja na nusu filimbi ikalia, wakaondoka.

Alikimbia vizuri. Mguu ulikuwa umeizoea njia ile, na kila alipopanda kilima aliona fulana za njano mbele na nyuma yake, akajisikia amefanya jambo maishani. Alikuwa akiwaza kwamba mama atakuwa amesimama kando ya barabara, ameugeuza uso lakini anachungulia, na kwamba atamsalimia bila kusimama, akicheza, ili amchekeshe.

Hakuwepo kando ya barabara.

Festo alipunguza mwendo, akatoka njiani, akapiga hodi kwenye uwanja. Kimya. Akapiga tena. Alipokuwa akingoja jibu, macho yake yakaanza kuona mambo ambayo mkwe akikaa kwenye kigoda hayaoni. Mlango wa banda la kuku ulikuwa wazi na ndani hamna hata unyoya mpya. Uwanja ulikuwa msafi kupita kiasi. Hapakuwa na kuku hata mmoja pale, na ilionekana hapakuwa naye kwa muda mrefu.

Kutoka jikoni ikasikika sauti ndogo, si neno.

Alikimbilia nyumba ya jirani akatafute mwanamke wa kuingia. Ilikuwa imefungwa, wote walikwenda Iguguno kutazama mbio. Akarudi barabarani. Waliokuwa wakipita ni vijana wa kiume, na akina mama wakimbiaji walikuwa mbali huko nyuma. Festo alisimama mlangoni pa jiko akiwa ameshika miimo miwili ya mlango, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, anaogopa kuingia. Kisha akainama, akaingia.

Rebeka alikuwa amelala chini karibu na mafiga, bila kilemba, nywele nyeupe. Festo hakuwahi kuziona nywele zake. Pembeni palikuwa na chungu, na ndani yake kitu cha kijivu kilichochemshwa na mlenda mkavu. Aliinusa harufu kabla ya kuona. Harufu ile aliijua kuliko harufu ya nguo zake. Kiroba cha mashudu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, mdomo umekunjwa vizuri, kimebaki robo. Mama alikuwa anakula chakula cha kuku, na kuku wote amewala yeye, Festo.

"Baba, utoke," Rebeka alisema. "Huku si kwako."

"Mama, umekula lini?"

"Utoke, baba. Nitajifunika kwanza."

Alikuwa akiutafuta upande wa khanga kwa mkono usio na nguvu. Festo alimimina glukosi kwenye kikombe, akaikoroga na maji ya mtungini, akakisogeza karibu naye.

"Kunywa mama."

"Sinywi mbele yako."

Alikuwa anakufa, na anasema hanywi mbele ya mkwe. Festo aliinuka, akatoka nje, akaupa mlango mgongo, akasikiliza. Barabarani fulana za njano zilikuwa zinapita, na mmoja akampigia kelele, vipi Kocha, umechoka. Ndani alisikia kikombe kikikwaruza chini, kikiinuka kidogo, halafu kikaanguka na maji yakamwagika.

Aliporudi ndani hakuomba ruhusa. Alichanganya glukosi iliyobaki, akapiga magoti, akakiinua kichwa cha mama mkwe wake akakiweka kwenye mkono, na kwa kijiko cha bati akaanza kumnywesha. Rebeka alifumba macho. Hakukataa tena, alimeza, lakini kila alipomeza machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, na Festo alijua si machozi ya maumivu. Yeye pia alikuwa analia, na pua inamtoka, na hakuwa na mkono wa kujifuta.

Kisha akambeba. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la makapi. Khanga ilimfunika mwili lakini kichwa kilibaki wazi, na hivyo ndivyo Festo alivyotokeza naye barabarani, mbele ya wakimbiaji sitini na vijana wa meza ya maji ya mbio. Wengine walisimama. Mzee mmoja aligeuza uso haraka. Kijana mmoja akatoa simu. Pikapu ya Severina ikaja, wakampakia.

Kwenye korido ya kituo cha afya, Festo akiwa bado na namba ya mbio kifuani, maneno ya Rukaiya yalimrudia: alisema tumuulize mkwe wake. Hapo ndipo alipoyaelewa. Yule mama hakuweza kusema kwa mdomo wake kwamba ana njaa. Alitafuta mtu mmoja amsemee, akamchagua yeye, na yeye akacheka. Festo alikaa sakafuni, akajipiga paji la uso kwa kiganja mpaka mhudumu akaja kumshika mkono.

Rebeka hakufa. Alikaa siku kumi na mbili kituoni, akirudishwa kwenye chakula pole pole, na kaka yake Isaka akaja kutoka Itigi kumchukua. Siku zote hizo hakukubali Festo aingie wodini. Nje, mambo yalikuwa mengine kabisa. Picha ya Festo amembeba mama mkwe wake, kichwa wazi, ilizunguka kwenye simu za Mkalama nzima. Waliiandika Mkwe wa Mfano. Watu walioisoma walilia, wakatuma magunia zaidi, na mbio zikapata chakula mara mbili ya kilichotegemewa. Rukaiya alitaka waiweke kwenye bango la mwaka ujao. Festo alimwomba aifute, na Rukaiya, aliyekuwa ameshakumbuka ule mstari alioupiga juu ya jina, aliifuta bila kuuliza. Lakini picha iliyo kwenye simu za watu haifutiki.

Alikaa mwezi mmoja kabla ya kupata ujasiri wa kwenda Itigi. Alipanda basi hadi Manyoni, akaunganisha, akafika saa nane mchana na sukari kilo mbili na sabuni. Nyumba ya Isaka ilikuwa karibu na reli. Isaka hakuwepo, alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Mkewe Felista alimpokea, akamwekea kigoda nje chini ya paa. Rebeka alikuwa chumbani, na pazia limeshushwa dirishani.

"Shikamoo mama," Festo alisema kuelekea kwenye pazia.

Felista akasogea mlangoni, akasikiliza, akarudi. "Amesema marahaba."

Ikawa hivyo. Felista aliyachukua maneno na kuyaleta, hatua nne kwenda na hatua nne kurudi, ingawa pale hapakuwa na mtu asiyesikia.

"Mwambie nimekuja kusema jambo," Festo alisema. "Kamati iliponiuliza, mimi ndiye niliyesema anacho. Ni mimi niliyemtoa kwenye orodha. Aliwatuma kwangu nimsemee, nikamnyima."

Felista hakupeleka hayo. Hayakuhitaji kupelekwa. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, wakangoja ipite yote, behewa kwa behewa.

Kisha Felista akaenda, akakaa mlangoni muda mrefu, akarudi akiwa ameangalia chini. "Anasema hana kinyongo. Anasema ulisema kile alichokuwa akikihangaikia watu waseme, kwamba anacho."

"Mwambie nitakuwa nakuja kumwona huku. Kila mwezi nitakuja."

"Baba," Felista alisema taratibu, na safari hii alikuwa akisema yake mwenyewe, "hana ubaya na wewe. Anakuombea kila siku. Ila anasema mtu aliyemwona vile, akamshika kichwa, akamlisha, hawezi kumtazama tena kama mkwe. Amejaribu. Hata sauti yako ikimjia anajifunika."

"Ningefanyaje?" Festo alimuuliza Felista. "Mama, niambie. Ningemwacha?"

Felista aligeuka. Aliingia ndani. Festo alisikia vyombo, akadhani wanamwandalia mgonjwa chakula, akafurahi kwamba sasa anakula. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. Aliweka sukari na sabuni vizuri kando ya mlango, akajiandaa kuinuka na kuaga.

Felista alitoka na sinia. Ugali ulikuwa unafuka, na kwenye bakuli kulikuwa na paja la kuku na mchuzi. Aliliweka sinia kwenye meza ndogo mbele ya Festo, kisha akarudi ndani akaleta jagi la maji ya vuguvugu na beseni.

Festo alilitazama lile beseni. Miaka tisa tangu aoe, hakuna mtu aliyewahi kumshikia beseni kwa mama yake Klara.

"Mama, mimi hapa sili," alisema akilitazama pazia. "Unajua kwamba sili."

Felista aliendelea kusimama ameinama, jagi mkononi, hajui atazame wapi. Na kutoka nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza siku ile, Rebeka akasema kwa sauti yake mwenyewe, sauti iliyopona, ya upole, isiyo na hasira hata kidogo.

"Felista, mnawishe mgeni. Chakula kisije kikapoa."

Festo akanyoosha mikono juu ya beseni, na Felista akammiminia maji.